Skrini ya hali ya hewa: onyesha na saa ya kipimo

Ukiunda skrini ndogo isiyotumia waya ya kusomea vipimo vya kituo chako cha hali ya hewa, chagua ya wino wa kielektroniki, uiendeshe kwa ESP32, chipu ndogo ya kompyuta yenye Wi-Fi. Skrini hiyo hushika maandishi bila umeme, ndiyo maana betri hudumu. Ila hapo ndipo penye mtego: kihisi cha nje kikizimika, nyuzijoto 24 za jana zitabaki pale pale, nawe utaziamini. Andika pembeni saa ya kipimo cha mwisho, tena saa iliyotoka kituoni, si ile ambayo skrini ilijichora upya. Kipimo kikipitisha dakika 30, weka vistari badala ya namba. ESP32 kuamka kila dakika 10 kuchukua vipimo kunatosha kabisa, maana Wi-Fi ndiyo inayomaliza betri.