Namna ya Kufuatilia Matokeo ya Upasuaji wa Mtoto wa Jicho, Kuanzia Rejesta hadi Kitongojini

Rejesta ya chumba cha upasuaji hueleza ni macho mangapi yamepasuliwa. Haielezi ni mangapi yanaona. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya daktari, muuguzi wa macho au mratibu wa huduma za macho aliyeko Rungwe, Makete, Mufindi au wilaya nyingine ya Nyanda za Juu Kusini, anayetaka kupata jibu la swali hilo kwa utaratibu unaoweza kuaminika na kwa fedha kidogo.

Anza kwa kuandika swali moja lenye mipaka. Mfano unaofaa ni huu: kati ya macho yote ya watu wazima yatakayofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho hospitalini hapa kuanzia Juni hadi Agosti, ni asilimia ngapi yataona 6/18 (yaani kuona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 18) au bora zaidi ifikapo wiki ya 6 hadi ya 8, na ni madhara gani yatakuwa yamejitokeza? Neno «yote» ndilo lenye uzito, kwa kuwa ukichagua wagonjwa unaowakumbuka, utawakumbuka waliokushukuru. Miezi nayo nimeitaja kwa makusudi. Mgonjwa aliyepasuliwa mwezi wa Oktoba hutakiwa kurudi kati ya katikati ya Novemba na Desemba, wakati mvua zimeanza, barabara za vijijini zina utelezi na familia nzima iko shambani ikipanda mahindi. Aliyepasuliwa Juni hurudi Julai au Agosti, kipindi cha ukavu na mavuno yakiwa yameshaingia ndani.

Kabla ya kugusa faili lolote, omba kibali. Mbeya ina kamati ya mapitio ya maadili ya utafiti wa afya, na kibali cha kitaifa hupatikana kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR. Ridhaa ya mgonjwa isomwe kwa sauti, kwa sababu mtu mwenye mtoto wa jicho huenda asiweze kuisoma karatasi hata kama alisoma hadi chuo; aweke dole gumba mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe. Majina yatunzwe mbali na takwimu, ili kulinda taarifa za wagonjwa kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavyotaka.

Fomu iwe ya ukurasa mmoja. Iwe na uwezo wa kuona wa kila jicho kabla ya upasuaji, magonjwa mengine kama kisukari, presha ya jicho na makovu ya konea (kioo cha mbele cha jicho), aina ya upasuaji, nguvu ya lenzi bandia iliyowekwa na namna ilivyokadiriwa, tukio lolote lililotokea mezani, kisha vipimo vya siku ya kwanza na vya wiki ya 6 hadi ya 8. Weka pia visanduku viwili ambavyo wengi huvisahau: je, povidoni ayodini ya asilimia 5, dawa ya kuua vijidudu, iliwekwa juu ya jicho na kuachwa kwa dakika 3 kabla ya kukata, na je, sefuroksimu, ambayo ni antibiotiki, ilidungwa ndani ya jicho mwishoni? Utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa wasiopewa sindano hiyo walikuwa na hatari ya maambukizi ya ndani ya jicho karibu mara 5 zaidi ya waliopewa. Maambukizi yakitokea, visanduku hivyo ndivyo vitakavyotazamwa kwanza.

Madhara yote yapewe maana kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia. Kupasuka kwa kapsuli ya nyuma, yaani utando ulio nyuma ya lenzi, kuandikwe hata kama vitrea (ute unaojaza jicho) haikutoka na hata kama lenzi ilikaa vizuri. Maambukizi ya ndani ya jicho yaelezwe kwa dalili zake: maumivu, kuona kupungua ghafla, jicho kuwa jekundu na usaha kutuama katika chumba cha mbele, ndani ya wiki 6. Yafuatie konea iliyovimba, kuvimba kwa makula (kitovu cha retina), kubanduka kwa retina yenyewe, yaani utando wa nyuma unaopokea mwanga, na ukungu wa kapsuli ambao huja baada ya miezi au miaka na ambao mgonjwa huusimulia kwa kusema kuwa mtoto wa jicho amerudi. Maana isipowekwa mapema, kila mpasuaji atahesabu kwa huruma yake mwenyewe.

Aliyepasua asiwe ndiye anayepima. Muuguzi aliyefunzwa, chati ya herufi E na kifuniko chenye kitundu vinatosha. Pima kwanza jicho lilivyo, au kwa miwani ambayo mgonjwa anayo, halafu pima kupitia kitundu, ambacho huonyesha kama miwani ingesaidia. Mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kuwa angalau asilimia 80 ya macho yaliyopasuliwa yaone 6/18 au bora zaidi kwa hali aliyokuja nayo mgonjwa, na kwamba yanayoona chini ya 6/60 yasizidi asilimia 5. Siku hizi kipimo cha 6/12 hutumika pia, kwa hiyo andika namba yenyewe badala ya kuandika «anaona vizuri».

Sehemu inayobaki ndiyo inayoamua kama utafiti wako una thamani. Chukua mfano wa macho 200 yaliyopasuliwa, jicho moja kwa kila mgonjwa. Wanarudi wagonjwa wa macho 120, na 102 kati ya hayo yanaona vizuri; hiyo ni asilimia 85, na kikao cha idara kitapiga makofi. Lakini macho 80 hayakupimwa. Kama yote yanaona, matokeo ya kweli ni asilimia 91. Kama hakuna linaloona, ni asilimia 51. Mara ya kwanza nilipofanya hesabu ya namna hii, katika hospitali ambayo sitaitaja, tulijiridhisha kwamba wasiorudi ni wale waliopona na kurudi shambani. Baadaye tulimkuta bibi mmoja nyumbani kwake, jicho lile halioni tangu wiki ya pili. Tulipomuuliza kwa nini hakuja, alisema aliona aibu kumweleza daktari, aliyemhudumia kwa upole, kwamba kazi yake haikufaa.

Kwa sababu hiyo, tenga fedha za nauli na mafuta ya pikipiki tangu mwanzo, kisha uchague kwa kura, tuseme, 25 kati ya wale 80, na uwafuate wote 25 hadi uwapate. Ni bora kuwapata 25 waliochaguliwa kwa kura kuliko 50 waliopatikana kwa kuwa wanaishi karibu na lami. Siku ya kulazwa, andika kijiji, kitongoji, jina la balozi, simu ya mtoto au mjukuu na simu ya jirani. Simu moja haitoshi, na ukienda Rungwe ukiwa na jina moja tu linaloanza na Mwa-, utaonyeshwa nyumba tano. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akufikishe mlangoni, lakini mazungumzo ya ugonjwa yafanyike bila yeye wala balozi. Beba kamba iliyopimwa mita 6, mpimie mgonjwa nje kivulini, na usubiri ukungu wa asubuhi uondoke.

Pale ambapo hata hilo haliwezekani, kipimo cha siku za mwanzo kina msaada wake. Utafiti uitwao PRECOG, uliochapishwa mwaka 2013 na kuhusisha hospitali za nchi kadhaa, ulionyesha kuwa kipimo hicho hutoa picha inayokubalika ya ubora wa hospitali. Hata hivyo hakiwezi kuonyesha madhara yanayoanza mgonjwa akiwa ameshafika nyumbani.

Katika uchambuzi, ingawa macho yote huandikwa kwenye fomu, mgonjwa aliyepasuliwa macho yote mawili ahesabiwe kwa jicho la kwanza tu, kwani macho ya mtu mmoja hufanana kwa mengi. Kila jicho lisiloona vizuri lipewe sababu moja kuu: ugonjwa uliokuwepo awali, upasuaji wenyewe, ukosefu wa miwani, au madhara ya baadaye. Jicho linaloona vizuri zaidi kupitia kitundu ni la kundi la miwani, na kundi hilo huvimba mahali ambapo lenzi huwekwa bila kupima urefu wa jicho. Uwe mwangalifu na sifuri: usipoona maambukizi hata moja katika macho 100, kiwango cha kweli bado kinaweza kufika karibu 3 kwa 100. Hata madhara 4 katika macho 200, ambayo ni asilimia 2, yanaweza kutokana na kiwango cha kweli cha karibu asilimia 5.

Matokeo yapelekwe kwanza kwa timu ya upasuaji, bila majina ya wapasuaji, kisha kwa Mganga Mkuu wa Mkoa. Kuhusu wagonjwa waliokutwa na tatizo, safu ya mwisho ya fomu iwe na kisanduku cha alikopelekwa, iwe ni kwa ajili ya miwani, leza ya kuondoa ukungu wa kapsuli au upasuaji wa pili, pamoja na tarehe aliyofika huko. Faili la utafiti lisifungwe wakati kisanduku hicho kiko wazi kwa mgonjwa yeyote.