Kupanga uvunaji wa magogo ili msitu wa kijiji ujilipie matunzo yake

Bajeti ya kijiji inapojadiliwa, mara nyingi hoja huanzia kwenye jengo: darasa linahitaji shilingi ngapi, kwa hiyo tukate mipingo mingapi? Hoja hiyo ina nia njema, lakini imeanzia mwisho. Idadi ya miti ya kukatwa inatokana na vipimo vya msitu. Ikishajulikana, ndipo kijiji kinajua kitapata kiasi gani, na ndipo kinapanga matumizi, kwa kuanza na gharama za kuulinda msitu wenyewe. Ushauri huu ni kwa kamati za maliasili na halmashauri za vijiji vyenye hifadhi za misitu ya kijiji, hasa katika ukanda wa miombo, yaani misitu ya asili ya nchi kavu, wa kusini mwa Tanzania: Kilwa, Rufiji, Liwale, Tunduru.

Msingi wa kisheria upo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakiruhusu kijiji kutenga msitu ndani ya ardhi yake, kuusimamia kwa mpango na sheria ndogo zake, na kubaki na mapato ya mazao yake. Kilwa imeonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Mwaka 2009 vijiji vya wilaya hiyo, vikisaidiwa na MCDI, shirika la uhifadhi wa mpingo na maendeleo, viliingia katika cheti cha FSC (cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu) kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wananchi, cha kwanza cha aina yake Afrika. Tangu hapo fedha za magogo zimejenga madarasa na visima katika vijiji kadhaa vya wilaya hiyo. Kanuni za uvunaji na uuzaji zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu sheria hizo zitungwe, kwa hiyo kila msimu kabla ya kukata, kaeni na afisa misitu wa wilaya mpate zinazotumika sasa.

Hesabu ya miti ya kukata

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Kwanza ligaweni eneo. Kingo za mito, vyanzo vya maji, miteremko mikali na maeneo ya matambiko hayaingii katika hesabu hata kama yana mipingo minene. Katika eneo linalobaki, pimeni sampuli kwa kufuata mistari iliyopangwa kwenye ramani, si kwa kufuata njia za kupita kwa urahisi, kwa sababu kando ya njia ndipo watu walikwishakata. Kila mti upimwe kipenyo kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, na miti midogo iandikwe pia. Kamati nyingi huandika miti iliyokomaa tu, kisha hushindwa kujua kama nyuma yake kuna inayokuja.

Tuchukue mfano wa namba za kufundishia. Eneo la uvunaji ni hekta 2,000, na sampuli inaonyesha wastani wa mipingo 1.5 kwa hekta yenye kipenyo cha sentimita 24 au zaidi, ambacho ndicho kipimo cha chini cha kuvuna mpingo. Hiyo ni miti 3,000. Sampuli ina makosa yake, kwa hiyo tumieni makadirio ya chini, tuseme 2,100. Theluthi moja ibaki kama miti mama ya mbegu, pamoja na kufidia ile yenye uwazi ndani, ambayo kwa mpingo si michache. Inabaki 1,400. Sasa jiulizeni: miti iliyo chini kidogo ya kipimo itachukua miaka mingapi kuziba nafasi hizo? Mpingo hukua polepole mno. Huchukua miongo mingi tangu kuchipua hadi kufikia unene wa kuvunwa. Kama jibu katika msitu wenu ni miaka 35, gawanyeni: miti 40 kwa mwaka. Mnunuzi akija na lori akataka 90, jibu ni 40.

Fanyeni hesabu hiyo kwa kila aina peke yake. Mninga, mkongo, mtondoro na pangapanga havikui kwa kasi moja wala havina kipimo kimoja cha chini. Kuvijumlisha pamoja ndiko kunakomaliza aina yenye bei kubwa huku karatasi ikionyesha kwamba kila kitu kiko sawa.

Jambo jingine la mpingo ni kwamba huchipua kutoka kwenye mizizi. Kateni chini kadiri inavyowezekana, msiburuze magogo juu ya machipukizi, na eneo lililovunwa lilindwe dhidi ya moto mkali katika miaka inayofuata.

Kwenye kisiki na kwenye futikamba

Ujazo wa gogo hupatikana kwa kuzidisha kipenyo cha katikati kwa chenyewe, kisha mara 0.7854, kisha mara urefu, vyote vikiwa kwa mita. Gogo la kipenyo cha 0.30 na urefu wa mita 2 lina mita za ujazo 0.141. Likisomwa 0.27, linakuwa 0.115. Sentimita tatu tu za futikamba zimeondoa karibu sehemu moja ya tano ya mali ya kijiji, na hakuna aliyevunja sheria kwa macho ya watu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kipimo kisomwe kwa sauti na watu wawili, mmoja wa kamati na mmoja wa mnunuzi, na kiandikwe papo hapo. Vijana wa kijiji wafundishwe hesabu hii. Inaingia kwenye simu ya kawaida yenye kikokotozi.

Namba ya mti iandikwe kwenye kisiki na kwenye gogo, na nyundo ya alama igongwe kote kuwili. Gogo lisilo na kisiki chake ni gogo la wizi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Malipo yaingie benki kwenye akaunti ya kijiji kabla gogo halijapakiwa. Fedha taslimu mkononi mwa mwenyekiti au mtunza hazina zinawaweka wao wenyewe kwenye mashaka, hata wakiwa waaminifu.

Fedha zikishaingia

Pendekezo langu ni kwamba mkutano mkuu wa kijiji upitishe, kabla ya msimu, kiasi kitakachotengwa kwa msitu, na kiasi hicho kitoke kwanza. Orodhesheni gharama halisi: posho za doria, chakula cha walinzi, buti na baiskeli, kusafisha mipaka na kupaka rangi upya, vibao, mafunzo, upimaji wa kurudia mpango unapoisha. Jumlisheni, kisha linganisheni na mapato ya miti 40. Msitu ukishindwa kulipia doria zake, tafuteni bei bora au aina nyingine ya mti inayostahimili kuvunwa. Msiongeze idadi.

Gharama inayosahauliwa kuliko zote ni ya moto. Miombo huungua karibu kila kiangazi, na moto wa Septemba au Oktoba, majani yakiwa yamekauka kabisa, huua miche na kuharibu mashina ya miti mikubwa. Dawa yake ni kuchoma mapema, kati ya Mei na Julai, nyasi zikiwa bado na unyevu, kwa vipande, jioni upepo ukiwa umetulia. Kazi hiyo inahitaji watu na posho wakati ambapo magogo ya msimu mpya bado hayajauzwa. Kwa hiyo mwaka huu bakizeni benki fedha za kuchoma mwakani. Kamati isiyo na akiba mwezi Mei huwa haichomi, na hasara yake huonekana Oktoba.

Taarifa ya mapato na matumizi isomwe kwenye mkutano mkuu na ibandikwe ubaoni, ikiwa na idadi ya miti, ujazo, bei na jina la kazi iliyolipiwa. Kina mama wanaochota maji kwenye kisima kilichojengwa kwa mpingo ndio watakaokuwa wa kwanza kutoa taarifa wakisikia msumeno usiku, wakijua kisima hicho kilitoka wapi.

Mwaka usio na mnunuzi

Soko la mpingo ni dogo: watengenezaji wa klarineti, zumari na ala nyingine, pamoja na wachongaji wa vinyago. Kuna miaka ambayo mnunuzi mzuri hatokei, au anakuja mvua zimeanza na barabara haipitiki. Mwaka huo msikate kwa bei ya kutupa. Miti isiyovunwa inaweza kuhamishiwa mwaka unaofuata ndani ya kipindi kilekile cha mpango, kama mpango wenyewe umeruhusu. Andikeni kifungu hicho mapema, na muandike pia kwamba kipindi kikiisha, hesabu inaanza upya kwa vipimo vipya. Doria za mwaka huo zitalipwa na akiba, na ujenzi wa darasa usubiri.