Dira ya Ulaya inayoganda huku kwetu
Ukiletewa dira kutoka Ulaya, ijaribu kabla ya kuingia nayo porini. Kule, usumaku wa dunia huivuta ncha ya kaskazini ya sindano kuelekea chini, kwa hiyo watengenezaji huongeza uzito kidogo upande wa kusini ili sindano ikae sawa. Huku mambo yamegeuka. Ikweta ya sumaku, yaani mstari ambapo sindano haiinami upande wowote, hupita Ethiopia, hivyo Nairobi na Dar es Salaam zote ziko kusini yake, na ncha ya kusini ndiyo inayoinama. Ule uzito unaizidishia tu, sindano inasugua na kuganda. Inamisha dira kidogo mpaka sindano izunguke huru, ndipo usome. Simu weka mbali. Spika yake ina sumaku.