Somo: Kuchora uso wa mhusika hadi msomaji amtambue bila kutajiwa jina

Fungua simulizi yoyote inayotumwa sehemu kwa sehemu kwenye simu. Binti ana rangi ya maji ya kunde, macho ya kurembua, pua ya upanga, mwanya na vishimo mashavuni. Ingia simulizi nyingine, unamkuta yuleyule, kabadilishiwa jina tu. Sina ugomvi na mwanya wala vishimo. Ni uzuri tuliorithi na naupenda. Ninachopinga ni kuzirundika sifa hizo mahali pamoja, kisha zisifanye kazi yoyote katika kisa. Leo tujifunze kuchagua alama chache zenye chanzo na kuzituma kazini.

Hatua ya 1: Uliza uso huo umeishi wapi

Hapa ndipo penye utajiri, kwa hiyo tutakaa kidogo. Kabla ya umbo la pua, jiulize jua, maji, chakula, ibada na kazi vimeacha nini usoni.

Chukua meno. Wengi waliokulia Maji ya Chai au Ngarenanyuki, huko Arumeru mkoani Arusha, wana meno ya kahawia kwa sababu maji ya kule yana floraidi nyingi. Rangi hiyo huingia utotoni, meno ya ukubwani yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi. Aliyehamia huko akiwa mtu mzima haipati. Sasa soma hiki kipande:

*Mpangaji mpya alisema kazaliwa Lindi, kakulia Lindi, na Arusha haijui hata stendi yake. Mama mwenye nyumba alimsikiliza huku akichambua mchele. Kijana alipocheka, vidole vya mama vilisita kwenye ungo. Yale yalikuwa meno ya kwao, Maji ya Chai: kahawia, yenye mistari, kama ya kaka zake wote. “Lindi,” akarudia mama, akaendelea kuchambua.*

Hatujaambiwa lolote kuhusu macho wala kidevu. Lakini tumeshajua kijana anadanganya, mama ameshajua, na kijana hajui kwamba mama anajua. Kazi yote hiyo imefanywa na meno.

Alama za namna hii ni nyingi. Mla tambuu ana midomo na ulimi mwekundu. Mzee mwenye mtoto wa jicho, mboni yake imeingia ukungu mweupe, naye hugeuza kichwa kutafuta sauti kabla ya kumtafuta mtu. Anayeswali miaka mingi huweza kuwa na alama ya sijda kwenye paji. Mtumiaji wa mkorogo uso umetakata, lakini masikio na vifundo vya vidole vimebaki na weusi wake.

Angalia na wakati pia. Wanawake wa Kimakonde walivaa ndonya, kipande cha mti kilichopenyezwa kwenye mdomo wa juu, na wake kwa waume walichanjwa chale usoni. Wajaluo waling'oa meno sita ya chini ya mbele. Desturi hizi zimefifia, kwa hiyo ukimpa ndonya binti wa miaka 20 katika kisa cha Newala ya mwaka 2024, msomaji wa Mtwara hatakuamini tena hata ukisema kweli. Mpe bibi yake.

Hatua ya 2: Amua nani anatazama

Uso haujielezi wenyewe. Kinyozi ataona kovu la kisogoni na mvi zilizoanza kwenye sharafa. Askari ataona kile kisichofichika kwa kofia. Mama atamwona mwanawe mashavu yamebonyea kabla hajaona suti aliyovaa. Ukishamjua mtazamaji, sifa nyingi zitajifuta zenyewe.

Hatua ya 3: Uchezeshe uso

Usiniandikie “alikasirika.” Mhusika anaweza kukunja ndita, kukodoa macho, kubetua midomo, kusonya, kusawajika. Na kila tendo lina adabu yake. Mke hawezi kumbetulia mama mkwe midomo waziwazi. Atasubiri ageuke, ndipo amng'ong'e. Ukiandika kung'ong'a umeshaandika nani ana nguvu humo ndani.

Kuna jambo jingine ambalo watunzi wengi hulisahau. Ukiandika “alisimama mlangoni,” sarufi yetu haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Wanja uliochuruzika au ndevu za siku mbili utamaliza utata huo bila maelezo.

Hatua ya 4: Rudia alama moja

Chagua moja tu, irudishe penye uzito wa kisa, kwingine iache ipumzike.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Hadithi yangu inasimuliwa na mhusika mwenyewe. Nimemsimamisha mbele ya kioo ajieleze, lakini naona inachosha.

Jibu: Marahaba. Kioo kiondoe. Mpeleke kijijini, shangazi amshike kidevu aseme, “Pua hii ya marehemu baba yangu, hata ungepotea Kongo tungekupata.” Hapo tumepata pua, ukoo na shangazi kwa mpigo. Au mpeleke kupiga picha ya pasipoti, mpiga picha amwambie ainue kope lake lililolegea, naye ajibu kwamba haliinuki.

Swali: Mkuu, nikitaja rangi ya ngozi nakosea?

Jibu: Taja. Mweusi tii na maji ya kunde ni maneno yetu. Ila chunguza hadithi zako zote: kama kila apendwaye ni mweupe na kila mtumishi ni mweusi, umeshatoa hukumu bila kujua.

Swali: Dada yangu katika hadithi ana ualbino. Nataka kumweleza kwa heshima, naogopa kukosea.

Jibu: Uoga wako una sababu, maana watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa nchini mwetu kwa imani za kishirikina. Kwa hiyo usimfanye kiumbe wa ajabu, wala malaika. Anza na yale anayoyaishi: kofia pana, madoa ya jua puani, kitabu akiwa amekisogeza karibu na uso. Wengi wao macho huchezacheza yenyewe bila kutaka. Tumia hilo: mwalimu mgeni adhani mtoto anakwepa kumtazama kwa kuwa ameiba chaki, na mdogo wake asimame kumtetea. Halafu mpe mambo yasiyohusiana na ngozi kabisa, kama kucheka ovyo misibani. Hili ni kwenu nyote: acheni kuwapa majambazi makengeza, chongo na makovu ya moto ili tujue ni wabaya. Mwenye kovu la moto huwa ameungua tu. Jambazi wako mpe uso mzuri, kisha tuoneshe anavyomtazama mtoto aliyeshika pesa.