Somo: Kumwambia daktari kwamba unafikiria operesheni ya kupunguza uzito

Wanakikundi wenzangu, wengi wetu tunahudhuria kliniki ya presha na sukari, Ligula hapa Mtwara au Sokoine kule Lindi. Tunapanda mzani, kilo zinaandikwa kwenye kadi, tunachukua dawa, tunaondoka. Uzito wenyewe hauzungumzwi. Daktari ana foleni hadi barazani, kwa hiyo mazungumzo haya uyaanzishe wewe.

1. Piga hesabu kabla hujatoka nyumbani. Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako (kwa mita) uliozidishwa kwa wenyewe. Mama wa kilo 112 na urefu wa mita 1.60: 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 112 ukigawanya kwa 2.56 unapata karibu 44. Hiyo ndiyo BMI, yaani kipimo cha uzito kulingana na urefu. Tangu 1991 kigezo cha kufanyiwa operesheni kilikuwa BMI ya 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu, cha Marekani na cha kimataifa, vilipendekeza 35 hata bila ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 wenye kisukari wafikiriwe. Msishangae mkikuta daktari bado anatumia kigezo cha zamani.

2. Andika historia yako kwenye daftari. "Nilijaribu kula kidogo" haimsaidii daktari. Andika hivi: "Februari hadi Mei niliacha soda na chapati, nikatembea kila jioni, nikashuka kilo sita, msimu wa korosho ulipofika zikarudi zote." Taja dawa zote, za miti shamba pia. Kama mumeo anasema unakoroma na pumzi zinakatika usingizini, andika. Kwenye nusukaputi jambo hilo ni zito.

3. Liseme mwanzo. "Shikamoo daktari. Leo, pamoja na presha, naomba tuzungumzie uzito wangu. Nataka kujua kama nafaa kufanyiwa operesheni." Tunaona haya, tunalisema tukiwa tumeshashika kitasa cha mlango, na hapo mgonjwa mwingine ameshaitwa.

4. Uliza, usiondoke na nusu ya jibu. Operesheni ipi? Iko ya kukata sehemu kubwa ya tumbo la chakula, kama asilimia 80, na haliwezi kurudishwa. Iko ya kutengeneza kifuko kidogo na kukiunganisha na utumbo mwembamba, chini zaidi. Uliza hatari zake: kuvuja kwenye mshono, kutokwa damu, damu kuganda miguuni. Uliza vitamini, maana utameza maisha yako yote, na vipimo vya damu vya kila mwaka utavifanyia wapi. Hili naliwekea mkazo: mtu wa Newala au Liwale asikubali kupasuliwa kabla hajajua nani atamfuatilia akisharudi.

5. Omba barua ya rufaa. Huduma hii inapatikana hospitali ya Muhimbili, tawi la Mloganzila, Dar es Salaam. Usisafiri bila barua na nakala za vipimo.

Maswali ya wanakikundi

*Da Mwanaidi, kuna jirani yangu aliwekewa puto. Si ni kitu kilekile?*
Hapana, mdogo wangu. Puto linaingizwa tumboni kwa kupitia mdomoni bila kupasuliwa, na hutolewa baada ya miezi kadhaa, mara nyingi sita. Likishatoka, uzito unaweza kurudi.

*Bado natafuta mtoto. Nitazaa?*
Utazaa, tena wengine mimba huingia kwa urahisi zaidi wakishapungua. Lakini inashauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18. Mwambie daktari unatumia uzazi wa mpango gani. Vidonge vinaweza visifanye kazi vizuri baada ya operesheni ya kuunganisha utumbo. Uliza kuhusu kijiti au kitanzi.

*Shikamoo dada. Na Ramadhani je?*
Marahaba mwanangu. Mwanzoni unakunywa maji kidogo kidogo kutwa nzima, huwezi kuyafidia yote usiku. Mwaka wa kwanza usifunge bila ruhusa ya daktari wako.

*Bima inalipa?*
Nenda ofisi ya NHIF na barua yako ya rufaa, waulize kifurushi chako kinagharamia nini, wakujibu kwa maandishi. Fanya hivyo kabla ya kukata tiketi ya basi.