Kabla hujatuma mvinyo wa Italia nyumbani

Katoni ya kwanza niliyoituma Moshi ilikuwa na chupa sita za mvinyo mwekundu wa Amarone, yuro 28 kila moja, nilizozinunua kwenye cantina moja, yaani kiwanda cha mvinyo, ya Valpolicella, nje kidogo ya Verona. Usafiri wa ndege ukala yuro 140. Nikadhani hesabu imeishia hapo. Katoni ikalala Dar es Salaam siku 19 za mwezi wa Januari ikisubiri makaratasi, na kodi pamoja na malipo ya wakala vikapita bei ya mvinyo wenyewe. Ilipofika, baba mkwe alibandua bati la shingoni akakuta kizibo kimechungulia nje, na lebo imenata kwa mvinyo uliovuja. Akaonja, akaniangalia kwenye simu ya video: "Mkwe, huu wameuchemsha?"

Nilijaribu kumweleza kwamba Amarone hutengenezwa kwa zabibu zilizoanikwa miezi mitatu hadi minne kabla ya kukamuliwa, ndiyo maana ni mzito. Hakushawishika, na alikuwa na haki. Mvinyo ukikaa kwenye joto hutanuka, husukuma kizibo, hewa ikapenya. Banda la mizigo la Dar wakati wa kaskazi ni jiko.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza habari za kutuma mvinyo, namuuliza kwanza: nyumbani wapi? Maana sisi tuna nyumbani mbili.

Kama ni nyumbani unapoishi, na unaishi ndani ya Umoja wa Ulaya, mambo ni mepesi. Mimi niko Munich. Naendesha gari hadi Italia kupitia njia ya milimani ya Brenner, napakia buti, narudi. Kwa matumizi yako mwenyewe, kipimo wanachokitumia forodha ni lita 90 za mvinyo, yaani chupa 120, na kati ya hizo zenye povu zisizidi lita 60. Ukiagiza uletewe, ni muuzaji anayepaswa kushughulikia ushuru wa nchi unayoishi, kwa hiyo muulize kabla ya kulipa kama amezoea kupeleka huko. Ujerumani haitozi ushuru wa bidhaa kwa mvinyo wa kawaida, ila wenye povu unatozwa. Hapo kuna kaujanja halali: Prosecco iliyoandikwa frizzante, yenye povu hafifu na kizibo cha kawaida, haiguswi na ushuru huo. Iliyoandikwa spumante, yenye povu jingi, inaguswa.

Walioko Uingereza wana sheria nyingine tangu Januari 2021. Ukisafiri na mvinyo wako mwenyewe unaruhusiwa lita 18 bila kulipa chochote, chupa 24 hizo. Chupa zilezile zikija kwa kifurushi, ruhusa hiyo haipo: ushuru unalipwa, na VAT ya asilimia 20 juu yake. Rafiki yangu wa Leicester aliagiza kumi na mbili mtandaoni, akaletewa bili mlangoni. Sasa anaunganisha ununuzi na likizo.

Marekani ndiko kugumu zaidi. Posta yao hairuhusu kabisa pombe kwenye barua wala vifurushi, na kila jimbo lina sheria zake. Njia ya mtu wa kawaida ni sanduku lake la safari: lita moja bila ushuru kwa mwenye miaka 21 na zaidi, zinazozidi unazitamka na kulipia. Na kama unaishi Saudia au Kuwait, hii makala si yako. Usijaribu hata chupa moja.

Sasa nyumbani kule.

Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri mtu mzima lita 2 za mvinyo bila ushuru, au lita 1 ya pombe kali. Piga hesabu: chupa mbili ni lita moja na nusu, ya tatu inakufikisha lita 2.25. Kwa hiyo ni chupa mbili kwa kila mtu mzima. Mke na mume, nne. Ukibeba zaidi pita njia nyekundu ya forodha, ya wenye vitu vya kutamka, ulipe. Si aibu wala si kosa. Kosa ni kupita kimya.

Ukituma kama mzigo, ruhusa ya msafiri inayeyuka, na kodi zinapandana. Kwanza wanachukua thamani ya mvinyo, wanajumlisha bima na, kwa mzigo wa meli, nauli yake. Juu ya jumla hiyo unakuja ushuru wa forodha. Halafu ushuru wa bidhaa. Halafu VAT inapigwa juu ya vyote hivyo, asilimia 18 Tanzania, Uganda na Rwanda, 16 Kenya. Umeona ilipo sumu? Kodi inatozwa juu ya kodi. Na chupa ya yuro 6 haifai kutumwa kamwe: uzito wake ni uleule wa chupa ya yuro 40, kilo moja na robo au zaidi, na nauli inaangalia uzito, haiangalii ladha.

Kabla hujalipa, mwulize muuzaji maswali mawili. La kwanza: "Spedite in Tanzania?", yaani mnatuma Tanzania? Wengi watasema hapana, na hiyo hapana ikuokoe. La pili: kodi za kule nani analipa? Akijibu DDP, maana yake mtumaji amelipa kila kitu hadi mlangoni. DAP maana yake shangazi yako ndiye atakayepigiwa simu na kutakiwa alipe. Mzigo unaposafirishwa na muuzaji kwenda nje ya Umoja wa Ulaya, ankara inapaswa kutoka bila IVA, ile VAT ya Italia ya asilimia 22. Dai haki yako hiyo.

Ile "tax free" ya madukani ni kitu kingine: ni kwa anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya, aliyenunua vitu vya zaidi ya yuro 70 kwa muuzaji mmoja, na anaondoka navyo mwenyewe. Mkazi wa London anaipata. Mimi wa Munich siipati.

Kampuni nyingi za vifurushi hazipokei pombe kutoka kwa mtu binafsi, zinapokea kwa mfanyabiashara mwenye mkataba. Hapo ndipo watu wanapoandika "mafuta ya zeituni" kwenye fomu. Usifanye. Ikikamatwa inataifishwa, ikivunjika bima hailipi, na jina lililoandikwa pale ni la mama yako.

Kontena la kuchangia ni rahisi kwa nauli, lakini mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilianza kukwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Ni wiki nyingi ndani ya bati la moto. Kwa mvinyo, mimi nasema hapana. Kama lazima utume, tuma kwa ndege mwezi wa Mei au mwanzoni mwa Juni, Italia haijawaka na pwani yetu imeanza kupoa. Na chupa hizo ziwe za kunywa, shemeji asiziweke baa: Tanzania na Kenya zote zinadai stempu ya kodi kwenye chupa inayouzwa.

Halafu uliza kwanza kama kitu chenyewe hakipo kule. Malindi Waitaliano wamekaa miaka mingi kiasi kwamba wauza vinyago wanapatana bei kwa Kiitaliano. Mvinyo maarufu kama Chianti hauhitaji kusafirishwa na wewe. Beba kile kisichofika: cha mkulima mdogo, cha kijiji ulichokitembelea. Angalia shingo ya chupa. DOCG, daraja la juu kabisa la mvinyo wa Italia, ina ukanda wa karatasi wenye namba. Na usichanganye Montepulciano d'Abruzzo na Vino Nobile di Montepulciano. Kwenye jina la kwanza Montepulciano ni aina ya zabibu, kwenye la pili ni mji wa Toscana, na zabibu yake kuu ni Sangiovese.

Siku hizi nabeba mbili. Kila chupa naivalisha soksi nene, naitia kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga, kisha naizungushia khanga na kuilaza katikati ya sanduku, mbali na magurudumu. Ya tatu, ya kutamka na kulipia, namwachia baba mkwe aamue kama anaitaka. Mwaka jana alinijibu nimletee soseji.