SOMO: Kuweka seva ya Linux nyumbani bila intaneti

Wakuu, salaam.

Somo hili ni la yule mwenye umeme na kompyuta ya zamani, ila intaneti yake ni bando la simu linalokwisha kabla ya jioni. Nipo Ipuli, Tabora mjini. Seva ninayoieleza, yaani kompyuta inayohudumia vifaa vingine, inahudumia nyumba yetu na watoto wa majirani wanaokuja kusoma jioni, na haijawahi kuunganishwa na intaneti tangu iwashwe.

Jambo la kuelewa kwanza: mtandao wa ndani na intaneti ni vitu viwili. Ruta ikiwaka bila laini yoyote bado inaziunganisha simu za nyumbani na kompyuta iliyo kabatini. Kinachokosekana ni njia ya kutoka nje tu. Kwa hiyo uzito wa kazi hii upo kwenye maandalizi. Kila faili utakalohitaji liwe mkononi kabla hujaondoka penye intaneti. Ukisahau moja ni safari nyingine ya mjini, na kwa mtu wa Kaliua au Uvinza hiyo ni nauli.

HATUA YA 1: MASHINE

Tafuta kompyuta mpakato ya zamani, hata kama skrini ina ufa. Iwe na prosesa ya biti 64, RAM ya GB 4 (GB 2 nayo inakwenda) na diski ya GB 250 au zaidi. Biti 64 ni lazima, maana Debian 13 (Debian ni aina ya Linux tutakayoitumia) iliyotoka Agosti 2025 haina tena diski ya kusakinishia mashine za biti 32. Mwenye mashine ya namna hiyo atumie Debian 12.

Kwa nini mpakato na si ya mezani? Betri. Umeme ukikatika usiku, mpakato haishtuki. Ya mezani inazimika papo hapo na faili lililokuwa likiandikwa linaharibika. Halafu kuna LUKU. Mpakato iliyotulia, skrini imezimwa, inakula wati 20 hivi. Kwa saa 24 ni uniti 0.48, yaani uniti 14 na ushee kwa mwezi. Ya mezani ya zamani hula zaidi ya hapo kwa mbali.

HATUA YA 2: UKIWA PENYE INTANETI

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, nendeni nami taratibu.

Beba flashi mbili: moja ya GB 8 ya kusakinishia, nyingine kubwa ya kubebea mizigo. Hiyo ya mizigo ifomati kwa exFAT kabla ya kutoka nyumbani. Flashi nyingi huja na FAT32, na FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Utasubiri upakuaji hadi uishe, kisha kunakili kunakataa, nawe utadhani flashi ni mbovu.

Pakua Debian ya DVD-1, aina ya amd64 (yaani ya biti 64). Ni karibu GB 4. Usichukue ile ndogo iitwayo netinst. Hiyo huvuta programu nyingi mtandaoni wakati wa kusakinisha, na kwako hakuna pa kuvuta. Pakua pia faili la SHA256SUMS lililo kando yake, lenye alama za kuhakikia upakuaji. Kisha chukua kiwix-tools ya Linux x86_64 kutoka Kiwix (mradi wa kusoma tovuti bila intaneti), pamoja na mafaili ya ZIM unayoyataka. ZIM ni maktaba nzima iliyofungwa katika faili moja. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, ni ndogo na inabebeka kirahisi. Ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 100, kwa hiyo wenye diski ndogo wachukue isiyo na picha au zile za mada moja moja. Kwa wanafunzi wa sayansi nasisitiza PhET, majaribio ya sayansi ya kuchezea kwenye skrini, nayo yapo kwa ZIM. Mwisho, kusanya mitihani ya NECTA ya miaka iliyopita kwa PDF.

Kabla hujainuka kitini, kagua kama DVD imeshuka salama. Faili la DVD huishia na .iso; lipe jina fupi debian.iso, kisha kwenye Windows andika:

certutil -hashfile debian.iso SHA256

Linganisha herufi zote na zile za SHA256SUMS. Ikitofautiana hata moja, pakua upya palepale. Usijipe moyo kwamba itakubali nyumbani.

Kisha andika ISO (faili hilo la DVD) kwenye flashi ya GB 8 kwa programu iitwayo Rufus; ikikuuliza, chagua hali ya DD. ISO yenyewe iweke pia kwenye flashi ya mizigo. Tutaihitaji.

HATUA YA 3: KUSAKINISHA

Washa mashine kutoka kwenye flashi. Ikifika sehemu ya mtandao, chagua kutousanidi kwa sasa. Ikiuliza kama utumie hifadhi ya programu iliyo mtandaoni, kataa. Kwenye orodha ya mwisho ondoa alama zote za mazingira ya dirisha, acha vitatu tu: seva ya wavuti, seva ya SSH, na zana za kawaida za mfumo. Vyote vimo ndani ya DVD.

Mashine ikishawaka upya, ingia kama root (msimamizi mkuu wa mfumo). Chomeka flashi ya mizigo, tazama jina lake kwa lsblk (mfano sdb1), kisha:

mkdir -p /media/flashi /media/dvd /srv/zim
mount /dev/sdb1 /media/flashi
cp /media/flashi/debian.iso /srv/

Ongeza mstari huu mwishoni mwa /etc/fstab:

/srv/debian.iso /media/dvd iso9660 loop,ro 0 0

Kwenye /etc/apt/sources.list zuia mistari yote kwa alama ya #, kisha andika:

deb [trusted=yes] file:/media/dvd trixie main

Neno trixie ni jina la Debian 13. Malizia kwa systemctl daemon-reload, mount -a na apt update (apt ndiyo inayosakinisha programu). Kuanzia hapo programu yoyote iliyomo kwenye DVD unaisakinisha kwa apt install bila kuchomeka chochote. Lile neno trusted=yes linaiambia apt isidai sahihi ya kidijitali. Ndiyo maana ule ukaguzi wa SHA256 haurukwi: ndio dhamana pekee kwamba DVD yako haijachezewa.

HATUA YA 4: ANWANI

Ruta yoyote ya zamani inafaa, hata ile ambayo mlango wake wa laini umekufa. Unganisha seva kwa kebo kwenye mlango wa LAN. Andika ip a uone jina la kadi ya mtandao, kisha weka kwenye /etc/network/interfaces:

auto enp3s0
iface enp3s0 inet static
address 192.168.1.10/24

Badilisha enp3s0 kwa jina lako, na tarakimu za mbele zilingane na za ruta yako. Angalia pia ndani ya ruta namba inazogawa zinaanzia wapi, ili 10 isije ikapewa simu ya mtu. Geti (gateway, njia ya kutokea nje) halihitajiki, hakuna tunakokwenda. Ukimaliza, washa upya.

Mpakato hulala ukifunga kifuniko. Tengeneza folda /etc/systemd/logind.conf.d, ndani yake faili kifuniko.conf lenye:

[Login]
HandleLidSwitch=ignore

HATUA YA 5: MAKTABA

Fanya tena mount ya flashi ya mizigo kama mwanzo, kisha nakili mafaili ya ZIM kwenda /srv/zim. Fungua furushi la kiwix-tools kwa tar xf, peleka kiwix-serve na kiwix-manage kwenye /usr/local/bin. Hizi zimejengwa zikijitegemea, hazidai programu nyingine. Sajili kila kitabu:

kiwix-manage /srv/zim/maktaba.xml add /srv/zim/wikipedia_sw.zim

Kisha tengeneza /etc/systemd/system/maktaba.service:

[Service]
ExecStart=/usr/local/bin/kiwix-serve --port=8080 --library /srv/zim/maktaba.xml
DynamicUser=yes
Restart=always
[Install]
WantedBy=multi-user.target

Andika systemctl enable --now maktaba. Chukua simu, ingia Wi-Fi ya ruta, andika http://192.168.1.10:8080 kwenye kivinjari. Maktaba hiyo.

Mitihani ni rahisi zaidi. Futa index.html iliyo kwenye /var/www/html, weka folda zako za PDF hapo. Ukifungua http://192.168.1.10 orodha inajitokeza yenyewe. Kwetu anwani zote mbili zimeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa sebuleni, na hata mtoto wa darasa la nne anaziingiza kwenye simu ya bibi yake bila kuuliza.

HATUA YA 6: SAA

Watu huiruka hii. Kompyuta yenye intaneti hurekebisha saa yake mtandaoni; ya kwetu haina wa kumuuliza. Weka mwenyewe:

timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
timedatectl set-ntp false
timedatectl set-time "2025-11-15 20:30"

Weka tarehe ya siku yako, na kumbuka mashine inahesabu kuanzia usiku wa manane: saa mbili na nusu usiku ni 20:30. Kila mwanzo wa mwezi ilinganishe na simu. Na kama ukizima saa inarudi nyuma, betri ndogo ya ubao mama imekwisha. Mara nyingi ni CR2032, mafundi saa wanazo. Mpakato nyingine huitumia ikiwa na waya wake, kwa hiyo ifungue uitazame kabla ya kununua.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Ujiji): Mkuu, nimefuata yote. Simu inaingia Wi-Fi lakini ukurasa haufunguki. Kompyuta nyingine kwa kebo inafungua vizuri.

Jibu: Seva yako ni nzima, tatizo ni simu. Android ikigundua Wi-Fi haina intaneti, inarudi kimyakimya kwenye data. Zima data, na likitokea onyo kwamba mtandao hauna intaneti, kubali kubaki. Pia andika http:// yote mwenyewe, maana vivinjari vya sasa hukimbilia https, nasi hatukuiweka.

Swali (Urambo): Sina ruta. Hotspoti ya simu haitoshi?

Jibu: Inatosha kwa kuanzia, hata simu isiyo na bando. Seva italazimika kuingia kwa Wi-Fi yake, na simu nyingi hubadilisha anwani za hotspoti, kwa hiyo 192.168.1.10 haitadumu. Idadi ya vifaa nayo ni ndogo. Ruta iliyotumika ni bora mno.

Swali (Kasulu): Kwetu tunatumia sola. Naweza kuweka Raspberry Pi badala ya mpakato?

Jibu: Kompyuta hiyo ndogo ya ubao mmoja ni chaguo zuri kwa sola, inakula umeme kidogo sana. Ila angalia mawili. Pi za kabla ya Pi 5 hazina saa ya ndani kabisa, na Pi 5 inayo lakini betri yake inanunuliwa kando. Bila intaneti, tarehe itakusumbua kila ikizimika. La pili ni kadi ya kumbukumbu: kuzimika ghafla kunaiua. Weka ZIM kwenye diski ya nje na uwe na nakala ya kadi. Pia DVD ya amd64 haifanyi kazi kwenye Pi, utahitaji mfumo wake.

Swali (Sikonge): Mimi ni mwalimu, nataka darasa zima liingie kwa pamoja. Itahimili?

Jibu: Mwalimu, hongera kwa nia hiyo. Kompyuta itahimili, kurasa za ZIM ni nyepesi. Itakayolemewa ni ruta ya nyumbani. Gawa wanafunzi wawili wawili kwa simu au tableti moja, na kama shule ina uwezo, tafuta ruta ya ofisi.

Swali (Mwanga, Kigoma): Marekebisho ya usalama je? Au tukishasakinisha ndio basi?

Jibu: Si basi, dada. Hatari kwako ni ndogo kwa sababu hakuna anayekufikia kutoka nje, ila flashi na simu za wageni zinaingia. Debian hutoa toleo dogo la marekebisho kila baada ya miezi michache. Uzuri wa mpakato ni kwamba unaibeba: ukienda mjini ingia nayo penye intaneti, ongeza mstari wa deb.debian.org na wa security.debian.org, fanya apt update na apt upgrade. Ukirudi nyumbani izuie tena mistari hiyo kwa #, la sivyo apt itakuwa inasubiri mtandao usiokuwepo.